Nimemwamkia maiti

Shosti uko wapi? Nimejifungia chooni hapa maabara ya anatomia na sitoki.

Leo tumefika ndani kabisa ya kiganja. Ngozi tulishaitoa, sasa ni zile kano za chini zinazokunja vidole. Nimeinama zangu, mkono wangu uko kwenye kiganja cha mzee wetu wa mezani, namtoa mafuta taratibu.

Mwenzangu wa meza, yule Bingwa anayejua kila kitu, akaivuta kano pale kwenye kifundo cha mkono. Bila kuniambia!

Vidole vikajikunja. VIKANISHIKA. Maiti kanishika mkono, shosti!

Unajua nimefanya nini? Nimepiga goti. Nikasema "Shikamoo." Kwa sauti!

Shikamoo!!

Maabara nzima kicheko. Bingwa anacheka hadi machozi, na kano hajaiachia. Mwalimu naye eti, "Daktari, mwachie mgonjwa." Nimwachie vipi, na yeye ndiye kanishika?

Usithubutu kumwambia mama.

Na kinachonimaliza si kile kicheko. Ni kwamba nilibaki pale, goti chini, nangoja aitikie marahaba.