Beragai Alipocheka

Dada Selaka,

Natumai kazi huko Sibu inakwenda. Sisi tuko wazima. Pilipili ulizonipa zimeota. Mama mkwe ananifundisha kusuka mikeka, anasema nasuka kama mtu anayefukuzwa.

Mume wangu Sanggau alikwenda msituni kutafuta utomvu wa damari, na tangu aondoke mto umefurika. Wenzake wamerudi. Yeye bado.

Jana mama mkwe aliacha kusuka, akaniuliza, "Mwanangu, siku mlipokuwa mnakuja hapa, hamkumsikia ndege beragai? Bibi harusi akimsikia njiani, mume hadumu."

"Hatukumsikia, mama. Upatu ulilia njia nzima."

"Nani alikuwa akiupiga?"

"Dada yangu."

"Basi," akasema, akaendelea na mkeka wake.

Nilimdanganya. Upatu ulilia, ndiyo, wewe ulikaa nao mbele ya mtumbwi na kuupiga ili nisisikie ndege yeyote. Lakini pale kwenye kona ya mawe mkono wako ulisimama. Kidogo tu. Beragai akacheka juu yetu, nikamwona na kile kifua chake chekundu akiruka kumfuata mdudu, na hapo hapo ukaanza tena kupiga.

Nilikuangalia, dada. Ulikuwa ukimtazama Sanggau, kama enzi zile alipokuwa akija nyumbani kwa ajili yako.

Sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe, unijibu kwa boti ya Jumamosi, hata kama atakuwa amerudi: mkono ulichoka, au ulitaka nisikie?

Mdogo wako,
Mindu