Nyasi za Ngolo na Bega la Baba Oliva

Baba Oliva,

Ugali na maharage yako kwenye sufuria, nimefunika na sahani. Dawa unywe baada ya kula, si kabla. Kitambaa kinachoning'iniza mkono shingoni usikivue hata shingo ikiwasha.

Nisamehe kwa kicheko cha asubuhi. Nilikukuta uani umeshika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, fyekeo umelifunga kwenye keria, eti unaniwahi shambani! Tangu biashara iwe huria umevusha dagaa wa Lundo kutoka ziwani milima hii kwa baiskeli yenye breki ya kandambili tu, mpaka ikakutupa korongoni pale Kingerikiti ukavunjika bega, na bado hujakoma. Ukanifokea kwamba kufyeka nyasi za ngolo, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, na kuzilaza kwa mistari ni kazi ya mwanamume, mke anafukia udongo tu, majirani watasemaje. Najua. Ila mvua zinaisha, na maharage hayatangoja bega lako.

~~Baiskeli nimeificha kwa mama.~~ Baiskeli ipo palepale. Nimechoka kukulinda.

Mbuzi wahamishe kwa mkono mzima. Oliva akitoka shule akoroge uji.

Jana nilifyeka na kulaza nyasi za kipande cha juu peke yangu. Wanawake wenzangu walisimama njiani wakatazama, hakuna aliyecheka. Mistari yangu imepinda. Ukipona utaiona, na ninavyokujua utataka kuinyoosha.

Usiiguse.

Mama Oliva