Ukimya wa Upande wa Pili

Mjomba,

Ni mimi niliyeifuta ile kanda. Sijamwambia mtu, hata Mama. Tafadhali ibaki kwako.

Shikamoo. Nimeanza vibaya, lakini ningetanguliza salamu nisingefika kwenye neno lenyewe, unanijua. Nimeshainuka kwenye kiti hiki mara tatu.

Nilikuwa na miaka mitano. Yule daktari Mzungu alipoondoka Liuli alikuachia kanda aliyojirekodia mwenyewe, haina hata jina. Uliiingiza kwenye redio kama ilivyokuja, imesimama katikati ya upande wa pili, ukasema, "Usiguse," ukatoka uani kumalizia injini ya boti. Nikagusa. Nilibonyeza kitufe chekundu, kile cha kurekodia, nikakaa natazama vigurudumu vinavyozunguka, kisha nikaogopa, nikazima. Ulikuwa hujaisikiliza hata mara moja.

Kwa hiyo wewe na Mwalimu Ndunguru mliijua hivyo tu: muziki mrefu wa roki, wimbo mmoja upande mzima, vinanda na magitaa vinakimbizana, halafu ghafla ukimya wa dakika nzima.

Na mliubishania miaka yote! Mwalimu akishuka kutoka Mbinga, hata maji hajanywa: "Fundi, albamu nzuri, ila pale wameharibu."

"Pale ndipo penyewe! Wamekimbia nusu saa, wanapumua. Wewe Mwalimu unajua chaki, muziki huujui."

"Na kuku je? Nimemsikia kuku mle."

"Kwani Ulaya hakuna kuku?"

"Na huyo anayegongagonga?"

"Huyo ndiye bingwa wao. Anagonga, anangoja, anagonga. Mpigaji mwenye subira namna hiyo hujapata kumsikia."

Bibi akipita na ungo wake: "Wazee wazima mnagombania kelele." Mimi napukuchua mahindi mlangoni. Kila mwaka nilisema mwakani nitakuambia. Kisha hukuwepo.

Spana zako Mama amezifunga kwenye gunia, hataki ziguswe. Boti mbili zimelala mchangani zinangoja fundi. Mimi nimemaliza kidato cha sita, niko kwa Shangazi hapa Mbinga, nageuza kahawa kwenye chanja cha kukaushia. Redio yako na kanda ninavyo mimi.

Simu ya Shangazi ina kitu kinachosikiliza wimbo na kukutajia jina lake. Niliisogeza kwenye redio. Mjomba, albamu ina jina, na watu dunia nzima wanaibishania kama ninyi, wengine wanatukanana kabisa. Nikaisikiliza yote kwenye simu. Pale kwenye ukimya pana filimbi. Filimbi moja, inapanda peke yake, halafu kinanda kinaingia chini yake polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ni pazuri kuliko pote. Nililia palepale kwenye chanja, Shangazi akadhani ni jua. Filimbi ile nilikunyima mimi. Umekufa hujaisikia.

Tangu siku hiyo situlii. Nachota maji ndoo ikiwa imejaa. Nafagia palipofagiwa.

Halafu wiki iliyopita Mwalimu alikuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema, "Binti, mjomba wako alishinda. Nimeufikiria ule ukimya tangu tumzike. Ndio albamu yenyewe." Anataka Jumamosi, tukikusimikia msalaba, twende na redio kaburini, watu wote wasimame dakika ileile. Mimi ndiye nibonyeze.

Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Basi. Mtu ambaye hajawahi kumkubalia mtu yeyote neno lolote amekukubalia wewe, na alichokikubali ni kidole changu cha utotoni. Nikimwambia, namnyang'anya. Nikinyamaza, nadanganya juu ya kaburi lako.

Leo asubuhi nimesikiliza kanda, kisha simu, kisha kanda, kisha simu. Kwenye simu hakuna kuku. Hakuna anayegonga. Redio ilinasa chumba chetu, Mjomba, na mlango ulikuwa wazi. Nikakumbuka uani. Injini. Nyundo yako. Ti. Unangoja. Ti, ti.

Yule mpigaji uliyekuwa unamsifu ni wewe.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Miaka yote hiyo unajisifu mbele ya Mwalimu, na hakuna aliyejua! Kisha nikarudisha kanda nyuma, nikakusikiliza tena.

Ijumaa tunashuka Liuli pamoja, Mwalimu na mimi. Nilitaka kumwambia garini, lakini huko nitameza maneno. Nakuahidi hivi: Jumamosi nitabonyeza, watu watasimama, wewe utagonga. Ikiisha nitamwambia Mwalimu palepale kwa mdomo wangu, hata sauti ikitetemeka, hata Mama akishika kichwa. Halafu nitaweka simu juu ya udongo, usikie filimbi yako. Mwalimu akibisha na abishe, nitambishia. Lazima abaki mtu wa kumbishia.

Kwaheri, Mjomba. Ile siri niliyokuomba mwanzoni uitunze, niachie, naichukua mwenyewe. Na akiuliza habari za kuku, nitamwambia alikuwa wa Bibi, yule mweupe.

Mpwa wako,
Tumaini