Kiapo cha Mama Mkubwa

3 Februari

Dada yangu,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imebabuka kwa dawa. Mashuka ya hospitali tunayofua hayaishi. Mwanangu Kidoti amenyimwa tena viza ya kuja kuishi nami huku ugenini. Watu wa uhamiaji wamesoma barua zetu, wakasema mtoto analelewa vizuri na mama yake mkubwa, hana shida. Tumekata rufaa. Wakili anasema njia ni moja tu: uape kwa maandishi kwamba kumlea kumekushinda. Najua nakuvunjia heshima. Nisamehe.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo, goti linauma lakini cherehani naikanyaga. Miaka saba nimemlea, leo nijiite mlezi mbaya! Nimeapa. Nimeandika naumwa, na kuna siku mtoto analala na njaa. Karani akaniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia piga muhuri, baba, kabla sijabadili mawazo.

Dada yako

19 Aprili

Dada, u mzima? Wakili anachekelea, eti karatasi yako ni dhahabu. Nimemnunulia Kidoti kitanda! Nipimie urefu wake.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Huko mzima? Huku hakuna uzima. Karatasi yangu imerudishwa huku kuhakikiwa. Jumanne wamekuja wanawake wawili wa ustawi wa jamii, nakala mkononi. "Saini hii ni yako?" Nikikana, rufaa imekufa. Nikakubali. Wakamchukua Kidoti hapo hapo, wakampeleka kituo cha watoto. Mimi nimekatazwa hata kukanyaga getini, kwa kuwa ndimi niliyemlaza na njaa.

Dada yako

30 Juni

Dada yangu,

Pole, na mimi nipe pole. Rufaa imetupwa. Jaji amesema mtoto sasa yuko mikononi mwa serikali, anakula, anasoma. Tena akaniangalia usoni: "Mama aliyejua mwanawe anashinda na njaa akaendelea na kazi, huyo tumkabidhi mtoto?" Nimepiga simu kituoni, wamenikatia. Dada, nenda ukaseme ulidanganya. Nakupigia magoti.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Salamu leo sina. Nimekwenda. Nikamwambia ofisa wa ustawi, nifungeni mimi, mrudisheni mtoto. Akafungua faili.

"Mama, mtoto mwenyewe tumemhoji. Anasema ulikuwa humpi chakula, na unampiga kwa mkanda."

Kidoti sijawahi kumgusa hata kwa kofi, unajua. Lakini asubuhi ile nilipokwenda kuapa nilimkalisha kitandani nikamfunza: watu wa serikali wakikuuliza baya lolote juu yangu, wewe itikia, ndiyo njia ya kwa mama yako. Mkanda ameuongeza mwenyewe.

Ofisa anasema kila akipita bwenini Kidoti humkimbilia, amuulize kama alijibu vizuri, na safari ni lini.

Dada yako