Muvumu wa Babu

Jumapili, Kasenga

Ningemwambia shangazi ukweli, angenitukana na ingeisha.

Shangazi alifika toka Lubarika na kadumu ka kasiksi, pombe ya ndizi. "Mutoto wa kaka yangu, nipeleke kwa ule muti wa muvumu babu yako alipanda kule kilimani. Niko nataka kumumwagia kidogo pale roho yake inakaa, ajue umejenga."

Nikamujibu kwamba muti ulichukuliwa na mvua. Muke wangu akainamisha macho. Anajua niliukata minye mwenyewe, nikapata kuni za kuchoma matofali ya hii nyumba.

Shangazi alilia. Kisha akamwaga ile pombe chini ya ukuta wetu, akapapasa matofali: "Baba, muti wako hauko tena. Ukae hapa kwa mujukuu wako. Huyu atakuchunga."

Nami nikaitika amina.