Ukoo Niliomtajia Bibi Mwantumu

Mkata, Handeni
12 Julai

Kaka Muhsin,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hapo Kilole hamjambo, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila upweke umenizidi. Utasema nilijitakia, na ni kweli nilijitakia.

Uliniuliza kazi yangu ni nini, nikakujibu juu juu. Dokta Eliasi wa chuoni analinganisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi tatu: Burundi, Msumbiji na Somalia. Wenzangu wawili walikwenda Kigoma na Ruvuma. Mimi, kwa kuwa Kizigua nakijua tangu utotoni, nilipewa Wazigua waliokimbia Somalia miaka ya tisini wakarudi huku walikotoka mababu zao. Dokta anauliza habari za silaha na viongozi. Lakini tukisomeana majibu kwenye simu, wazee wa nchi zote tatu wanaanza na jirani, yule aliyeazima jembe Jumatatu na Ijumaa akaja na bunduki.

Aliyenisumbua zaidi ni Bibi Mwantumu. Hakukubali kujibu swali hata moja kabla hajajua ukoo wa mama yangu, maana kwake mgeni hutaja ukoo kwanza ndipo apewe pa kukaa. Nilipoutaja alinieleza yote: walivyokimbia shambani, alivyompoteza binti yake Mwaija, wa miaka sita, kwenye kivuko cha mto, na jinsi alivyojaza fomu za kutafuta ndugu waliopotea kwa zaidi ya miaka thelathini. Nililia mbele yake, kaka, kalamu mkononi.

Sasa nikwambie nililoshindwa kulisema kwenye simu. Mama yetu alikuwa Msambaa, nami sikusema hivyo. Nilitaja ukoo wa Bibi mwenyewe, niliousikia kwa jirani yake njiani, ili anijibu upesi nimalize karatasi zangu. Alinishika kichwa akaniita mwanangu. Mwezi uliopita wale wa kutafuta ndugu walimletea fomu mpya, akairudisha tupu. Aliwaambia kwamba Mungu amemrudishia mtoto wa ukoo wake, na yeye amechoka kutafuta.

Tena kazi yenyewe iliisha wiki tano zilizopita. Nimebaki kwa sababu tangu tumzike mama hakuna mwingine anayeniuliza asubuhi kama nimekula. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo lilivyo.

Kesho nakwenda kumwambia. Fomu nyingine nimeshamwombea, ninayo hapa. Mwaija huenda yuko hai, na mimi ndiye niliyemfanya mama yake aache kumtafuta. Akinifukuza nitakuja Kilole. Siku hiyo usiniulize kitu, niache nilale.

Nisalimie wifi na watoto wote, na mkienda kwenye kaburi la mama, mng'oe nyasi kwa niaba yangu pia.

Mdogo wako akupendaye,
Munira