Nilichomwomba Daktari wa Hipnosi

Stavanger, Norwei

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Habari za hapo Ziwani, na mikorosho mwaka huu imezaaje? Mwanao Zainabu aliniambia kwamba goti lako la kushoto limevimba tena na bado unakwenda shamba. Naomba uende hospitali likaangaliwe, usingoje mpaka nije nikupeleke mimi. Mimi ni mzima. Kazi ya kuchomelea inaendelea, ila baridi imekaza. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka nishike kikombe cha chai.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako hushikwa na watu wengi, na haya nataka uyasome peke yako. Najua Mama amekueleza kwa wasiwasi kwamba mimi Dulla nakwenda kwa mwanamke wa Kizungu anayelaza watu na kuwaingia akilini. Nianze na hilo.

Mafundi wa kampuni yetu hupelekwa kwa helikopta kwenye mitambo ya gesi iliyoko baharini. Kabla ya hapo lazima ufaulu mafunzo ya kujiokoa. Mnafungwa mikanda ndani ya kitu kama chumba cha helikopta, kinazamishwa kwenye bwawa la kuogelea, kinapinduliwa, na nyinyi mnatokea dirishani. Waokoaji wapo humo humo, hakuna anayeachwa. Lakini maji yaliponifika kifuani nilipiga mayowe wakanitoa. Mara ya pili sikufika hata kwenye ngazi. Msimamizi wangu akaniambia kwa upole kwamba bila cheti kile mkataba wangu hautaongezwa. Hofu yangu ya maji ilianza lini, wewe unajua.

Ndipo daktari wa kazini akanipeleka kwa Bi Elin, mwanasaikolojia anayetumia hipnosi katika matibabu yake. Siku ya kwanza nilikaa na koti mwilini, kitini upande wa mlango. Nilikuwa namfikiria yule mtu wa mazingaombwe aliyekuja shuleni kwetu Mtwara mjini, akamfanya mwalimu wa hesabu awike kama jogoo. Nikamuuliza Bi Elin kama ataniamrisha hivyo, na nisipoamka je? Na siri zangu? Akaniambia watu wa jukwaani huchagua wale ambao tayari wako radhi kuchekesha. Kwake sitalala, nitasikia kila kitu, na nikitaka kusimama nitasimama. Hakuna aliyewahi kukwama humo. Akasema pia kwamba haimfai kila mtu, tutajaribu tuone.

Hakutoa saa ya mnyororo wala hirizi. Aliniambia nitazame alama ukutani, nivute pumzi taratibu, nifumbe macho nikitaka, kisha akawa anazungumza polepole. Nilisikia basi likipita nje. Pua iliniwasha nikaikuna. Ilikuwa kama unaposikiliza hadithi nzuri mpaka wali unaungua jikoni na wewe umekaa pale pale, hujalala. Mwambie Mama hakuna jini lililoitwa na hakuna aliyenishika akili. Nilitoka nikaswali Alasiri yangu kama kawaida.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mara ya tatu nilipokwenda, nilimwambia Bi Elin habari ya ajali ya kivukoni Kilambo. Nilimweleza kwamba mimi na mume wako, shemeji Bakari, tulikuwa tunarudi kutoka msibani ng'ambo, upande wa Msumbiji, mtumbwi ukagonga fungu la mchanga ukapinduka katikati ya Ruvuma. Nilishika mtumbwi kwa mkono mmoja na mkono wa shemeji kwa mwingine. Kinachofuata ninachokumbuka, mikono yangu yote miwili iko kwenye mtumbwi. Hapo katikati hamna kitu.

Nikamwambia, "Nataka unitolee hicho kilichopotea. Niliuachia mwenyewe mkono wake, au uliponyoka?"

Dada, kusema kweli hilo ndilo lililokuwa linanirudisha kwake kila wiki, kuliko hata cheti. Nilikuwa nimesikia kwamba hipnosi huchimbua yaliyofichika.

Bi Elin akaweka kalamu chini. "Siwezi," akasema. "Na mtu akikuambia anaweza, usimwamini."

Alinieleza kwamba kumbukumbu si mkanda wa video unaorudishwa nyuma. Mtu akiwa katika hali ile anakuwa mwepesi wa kupokea picha. Yeye akiuliza vibaya kidogo tu, ninaweza kuviona vidole vyangu vikifunguka, au nikajiona nimeng'ang'ania mpaka mwisho, na nikaapa ndivyo ilivyokuwa. Na huenda yote mawili yasiwe kweli.

Nilikasirika. Nilichukua koti nikaondoka bila kuaga, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Wiki nzima niliapa sirudi. Halafu nikafikiri, mama huyu angeweza kunipa jibu lolote nami ningelipokea na kulilipia, lakini hakunipa. Nikarudi. Akaniambia, "Hofu ya maji ninaweza kukusaidia. La mkono ni lako na watu wako."

Tukafanya kazi. Kila jioni nilikaa kitandani nikajipeleka katika hali ile kama alivyonifundisha, nikajiona ndani ya chumba kile, maji yanapanda, nashika fremu ya dirisha, nasubiri kizunguke, ndipo nafungua mkanda. Jumamosi nilikwenda bwawani, kwanza mpaka magotini, baadaye mpaka shingoni. Kuna siku nilitoka natetemeka. Siku ya mtihani nilitetemeka vile vile, lakini nilisubiri, nikafungua mkanda, nikatoka. Hofu haijaisha. Cheti ninacho.

Dada, siku ya mazishi ulinishika mabega ukaniuliza, nikakuambia nilimshika Bakari mpaka mto ukamchukua. Nilisema vile kwa sababu ulikuwa unalia na nilitaka unyamaze. Sikuwa na haki ya kusema vile. Ukweli ni kwamba sijui. Nimetafuta kote, hata huku, na sitajua mpaka ninakufa. Huenda niliuachia. Umekuwa ukiwaambia watu Dulla alipigana na mto, nami nimekuacha useme miaka yote hii. Siwezi kukuacha tena.

Likizo yangu imekubaliwa, nakuja mwezi ujao. Usinijibu kwa simu. Nitafikia kwa Mama kule Mikindani, na ukiniita nitakuja Ziwani nikae mbele yako, uniulize utakavyo, mara ngapi utakavyo. Usiponiita nitakaa pale pale mpaka likizo iishe, na mwakani nitakuja tena.

Msalimie Zainabu, mwambie mjomba anamletea kamusi aliyoomba. Msalimie fundi Hamza jirani yako, na shangazi yetu wa Msijute kama mmeonana. Mkweo, mama yake Bakari, mpe salamu tu. Hayo mengine usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo ule ule uliomdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Abdallah